Akamgusa, Kisha Akamtuma

Katika Injili ya Marko, sura ya kwanza, kuna habari ya mtu mwenye ukoma aliyemjia Yesu na kumpigia magoti. Tumeihubiri habari hiyo mara nyingi, Kilosa na Mikumi, na kwa miaka mingi tulikuwa tukiishia mahali pamoja: Bwana alinyosha mkono akamgusa mtu ambaye wengine wote walimkimbia. Hapo washarika husema Amina, nasi tukafunga Biblia. Lakini habari haiishii hapo. Mstari wa 44 unaeleza kwamba, baada ya kumgusa na kumtakasa, Yesu alimwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani. Kwa Sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi ya mgonjwa na kusema huyu mzima, huyu bado. Mstari huo tuliuruka kwa miaka mingi. Aliyetufundisha kuusoma ni mama mmoja wa Mikumi, na ametufundisha kwa gharama kubwa.

Tunaandika haya sisi wawili, mchungaji na mama mchungaji. Kalamu ameishika mchungaji, lakini mambo haya yalipita kwanza katika mwili na mikono ya mama mchungaji, kwa hiyo hatuwezi kuandika ila kwa kusema "sisi". Jambo lenyewe ni maumivu ya matiti ya akina mama, na mikono inayoyatuliza. Tunajua wako ndugu watakaojiuliza kama jambo hili lifaa kuandikwa katika kitabu cha kanisa. Biblia haikuliona kuwa aibu. Katika Luka 11 mwanamke anapaza sauti katikati ya mkutano na kuyabariki matiti aliyonyonya Yesu. Nabii Isaya, katika sura ya 66, anaifananisha faraja ya Mungu na mtoto anayeshiba kifuani pa mama yake. Paulo, mwanamume asiye na mtoto, anawaambia Wathesalonike kwamba aliishi kati yao kama mama mlezi. Ikiwa Neno la Mungu linasema, sisi tukinyamaza tunamficha nani? Tumeshuhudia kimya hicho kikimgharimu mtu uhai wake.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Kilosa mwaka 2009, tukiwa wageni katika usharika. Mchungaji alikuwa ametoka chuo cha theolojia akiwa na Kiyunani kichwani na joho jipya begani, wala hakujua hata namna ya kumbeba mtoto mchanga. Siku ya tatu baada ya kujifungua, matiti ya mama mchungaji yalijaa hadi yakawa magumu kama jiwe, ngozi ikang'aa. Mtoto alilia kwa njaa huku akishindwa kushika chuchu, maana sehemu nyeusi inayoizunguka ilikuwa imekaza, haiingii kinywani.

Bibi mmoja jirani alikuja na beseni la maji ya moto. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi," akajibu, "Marahaba wanangu, pole na uzazi," akaanza kazi. Kwetu mzazi hukandwa, na bibi yule alikanda kama alivyokandwa yeye na mama yake: taulo la moto, kisha viganja viwili vikisukuma kwa nguvu zote. Mama mchungaji alilia kama anajifungua mara ya pili. Usiku ule titi la kushoto likawa jekundu, homa ikapanda, akatetemeka chini ya blanketi mbili.

Kesho yake muuguzi mkunga mmoja alituonyesha njia nyingine. Alianza kwa kunawa mikono. Kisha akaweka ncha za vidole kuzunguka chuchu, akabonyeza taratibu kuelekea kifuani, akatulia hivyo kwa muda wa dakika moja hivi. Alipoachia, pale palipokaza palikuwa pamelainika, mtoto akashika chuchu na kunyonya. Halafu akatufundisha kukamua kwa mkono: kidole gumba juu, vidole vingine chini, mkono ukiwa kama umeshika kikombe, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi. Unasukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo unabana na kuachia, bila kuviburuza vidole juu ya ngozi. Unakamua kiasi cha kupunguza kukaza tu, maana ukimaliza yote mwili unadhani mtoto anahitaji zaidi, unazidi kutengeneza. Mwisho, mama akilala chali, unapapasa kutoka titini kuelekea kwapani na kuelekea kwenye mfupa wa bega, kwa wepesi kama wa kumfuta mtoto machozi. Baada ya kunyonyesha, kitambaa cha maji baridi. Na kwa ajili ya homa na wekundu ule, akaandikiwa dawa, akaambiwa asiache kunyonyesha.

Tulimwuliza kwa nini asikande kwa nguvu. Akaeleza kwamba titi lililojaa halina maziwa peke yake. Lina pia maji ya mwilini yaliyokusanyika katika nyama yake na kuubana mfereji wa maziwa. Ukilikanda kwa nguvu unaumiza nyama, uvimbe unaongezeka, na njia inazidi kuziba. Ukipapasa kwa wepesi, maji yale yanapata njia ya kuondoka. Miaka mingi baadaye, mwaka 2022, madaktari wa chama cha kimataifa cha Academy of Breastfeeding Medicine walichapisha mwongozo unaosema jambo hilo hilo: msikande kwa nguvu, papaseni kwa wepesi, tumieni baridi. Muuguzi yule alikuwa amekwisha kutufundisha, akiwa na beseni la plastiki na kitambaa.

Na mchungaji je? Yeye alipewa kazi ya kufua nepi na kubadilisha kitambaa cha baridi kila baada ya kunyonyesha. Majirani wa kiume walimcheka. Alijifariji kwa kukumbuka kwamba Martin Luther, katika maandiko yake ya mwaka 1522 juu ya ndoa, aliwataja baba wanaochekwa kwa kufua nepi, akasema Mungu na malaika wake wanatabasamu, hasa kwa sababu baba huyo anaifanya kazi hiyo kwa imani.

Mwishoni mwa Desemba mwaka ule ule mto Mkondoa ulivunja kingo zake. Wazee wa Kilosa hawahitaji kukumbushwa. Maji yaliingia majumbani, reli ikasombwa, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Katika mahema yale tuliona jambo ambalo wagawaji wa mahindi na blanketi hawakuliona. Akina mama wanaonyonyesha walikosa faragha. Mwanamke hawezi kutoa ziwa mbele ya baba mkwe na wanaume wa ukoo mwingine waliolala hema moja naye, kwa hiyo alisubiri. Saa zikapita, maziwa yakajaa, titi likauma, mtoto akalia.

Mama mchungaji alimfunga mtoto wetu mgongoni, akachukua beseni na vitambaa safi, akazunguka hema kwa hema. Khanga mbili zilifungwa pembeni zikawa chumba cha kunyonyeshea. Alipapasa, alikamua, alifundisha. Na nani alikuja kumsaidia? Bibi yule yule. Alisimama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akacheka na kusema, "Kumbe mwanangu, sisi tulikuwa tunakanda unga wa chapati!" Tangu siku ile akawa mwalimu kuliko sisi. Wakaguru, Wasagara na Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la bibi mzaa mama juu ya mzazi na mtoto wake halipingwi. Bibi mmoja akibadilika, nyumba kumi zimebadilika.

Hadi hapo huu ungekuwa ushuhuda mzuri wa kusimama nao mbele ya kwaya na kupigiwa vigelegele. Lakini sifa ilitutangulia hata tulipohamia Mikumi. Watu walisema mama mchungaji ana mikono ya baraka. Nasi, tukiri mbele za Mungu na mbele yenu, tulipenda kusikia hivyo.

Mikumi ni mji wa barabara kuu. Malori ya Zambia yanapita usiku na mchana, na upande wa pili wanyama wa hifadhi. Katika usharika alikuwapo mama mmoja wa kwaya, sauti ya pili, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Alhamisi moja, baada ya kipindi cha Neno cha akina mama, alibaki nyuma. Akasema titi la kulia linauma na kwapani kuna kitu kama punje. Mama mchungaji aligusa, akakuta uvimbe mgumu. Mtoto wake wa mwisho alikuwa darasa la nne. Hilo peke yake lingetosha kutuamsha, maana maziwa yanayoziba huwapata wanaonyonyesha, na yeye alikuwa ameacha miaka mingi. Hatukuamka.

Tulimwombea. Mchungaji alimpaka mafuta kama Yakobo anavyoagiza katika sura ya tano. Mama mchungaji akampapasa kwa upole, Alhamisi hiyo na nyingine na nyingine. Kila mara mama yule alisema amepata nafuu, na tuliamini, maana mkono mwepesi hutuliza maumivu hata pale usipoponya. Miezi mitano ikapita. Ndipo mkunga mmoja mstaafu, mgeni kutoka usharika mwingine, alipomwona. Ngozi ya titi ilikuwa imeanza kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu imevutwa ndani. Akatutazama sisi wawili, akauliza, "Nani amewaambia hili ni la kukandwa?" Hatukuwa na jibu.

Safari ya Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Alifanyiwa upasuaji Muhimbili, titi likaondolewa, kisha akapelekwa Ocean Road, hospitali ile ya zamani inayotazama bahari, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani ya taifa letu. Huko alipata dawa na mionzi. Tulimtembelea tukiwa na maneno mengi ya faraja tuliyoyaandaa njiani, na tulipofika kitandani hatukuyasema. Kwa Watanzania wanawake saratani ya matiti ni ya pili baada ya ile ya mlango wa kizazi, na katika wodi ile wengi tuliowakuta walisema walichelewa. Mmoja alichelewa kwa waganga, mmoja kwa aibu, mmoja kwa kukosa nauli. Mgonjwa wetu alichelewa kwa mchungaji wake.

Aliporudi Mikumi mkono wake wa kulia ulivimba. Tuliogopa, tukamrudisha haraka hospitali, na mara hii tuliambiwa kwamba tezi za kwapani zilipoondolewa njia ya maji ya mwili ilipungua, na maji yanajikusanya mkononi. Mtaalamu wa fiziotherapia akamfunga bandeji, akamfundisha mazoezi, kisha akataka ndugu mmoja ajifunze kumpapasa. Akaonyesha: polepole, kwa wepesi, ngozi tu, kuanzia shingoni na kifuani kwanza ili kufungua njia, ndipo mkono. Tulishangaa kuona ni mkono ule ule wa muuguzi wa Kilosa. Baadaye tulisoma kwamba utaalamu huo wa kuondoa maji kwa kupapasa ulianzishwa miaka ya 1930 na mume na mke kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa.

Mama wa kwaya alisema, "Atanipapasa mama mchungaji." Mama mchungaji akaingia jikoni akalia. Aliogopa kumgusa tena. Alipotoka akamwambia, "Mama, nisamehe. Mikono hii ndiyo iliyokuchelewesha." Jibu lake tunalikumbuka neno kwa neno: "Hapana, mama. Mikono yako ilinisaidia kulala. Mimi nilikuwa nasubiri mniambie niende hospitali. Mngesema ninyi, mume wangu angetoa nauli siku ile ile."

Ndugu msomaji, tulikaa kimya muda mrefu. Tulidhani kosa letu ni kutokujua saratani, na kutokujua kunasameheka. Lakini alichotuonyesha ni kingine. Yeye alijua. Alihitaji neno moja kutoka kinywani mwa mchungaji ili nyumba yake ifungue mkoba, na sisi tuliokuwa na neno hilo tulikuwa tukifurahia kuitwa wenye mikono ya baraka. Kupapasa hakukuuleta ugonjwa ule. Kulitula muda, na muda ndio uliokuwa dawa yake.

Alikaa nasi miaka miwili. Mama mchungaji alimpapasa mkono karibu kila jioni, na mara nyingi waliimba. Kisha Bwana akamwita, tukamzika Mikumi katika tumaini la ufufuo. Jumapili moja baada ya hapo, wakati wa maungamo, mchungaji alishuka madhabahuni, akasimama pamoja na mkewe, tukaungama kosa hili mbele ya usharika. Mume wa marehemu alikuwa wa kwanza kuja kutupa mkono.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu, na tunawashirikisha ninyi mlio katika sharika nyingine. Mama akija na maumivu ya titi, kwanza tunamwuliza kama ananyonyesha. Kama ananyonyesha na titi limejaa, tunamsaidia kwa mkono mwepesi, na tunamwambia anyonyeshe mara kwa mara. Akiwa na homa, wekundu au usaha, au asipopata nafuu ndani ya siku moja, aende kwa mganga wa hospitali, maana huenda anahitaji dawa, au jipu linataka kutolewa usaha. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI aende siku hiyo hiyo, kwa kuwa titi lenye uchungu na chuchu iliyopasuka huongeza hatari kwa mtoto. Azidi kumeza dawa zake, na asione haya.

Asiyenyonyesha tunamwuliza kama maumivu huja kabla ya siku zake na kuondoka. Mengi ya maumivu ya matiti ni ya namna hiyo, si saratani, na sidiria inayoshika vizuri humpa nafuu. Lakini akiwa na uvimbe usioondoka, ngozi yenye vishimo, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, kidonda kisichopona, au punje kwapani, hatukandi. Tunaomba pamoja naye, sala fupi, na tunamtuma. Wala asisubiri kwa sababu hakuumi, maana uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Na ikiwa mtu mmoja tu nyumbani anazuia nauli, mchungaji anakwenda nyumbani kwake jioni ile. Ushirika wa akina mama umeanzisha bahasha ya nauli, inayokusanywa kila mwezi. Bahasha hiyo imekwisha kumfikisha dada mmoja wa Kilosa hospitalini akiwa na uvimbe mdogo kama kunde. Ametibiwa, leo anasimamia shule ya Jumapili.

Katika Katekisimo Ndogo, akieleza amri ya tano, Luther anafundisha kwamba kutomwua jirani hakutoshi. Tunapaswa kumsaidia katika kila hitaji la mwili wake. Watoto wa kipaimara huikariri amri hiyo mbele yetu kila mwaka. Tunapowasikiliza tunaikumbuka ile Alhamisi ya kwanza, na punje iliyokuwa kwapani mwa mama wa kwaya.

Hatujaacha kuwawekea wagonjwa mikono, wala hatutaacha. Bwana wetu aligusa. Lakini sasa tunausoma na mstari wa 44, na tunawaomba wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na mama wachungaji wausome pamoja nasi. Wiki hii, katika usharika wako, yuko mama anayebaki nyuma baada ya ibada, akishika khanga yake kifuani. Msikilize, mwombee, kisha mwambie aende, na umtafutie nauli.